Zebaki Huganda kwa Baridi Gani? Habari ya Shahidi Aliyejishuhudia Mwenyewe

Kila mtu aliyelazwa hospitalini miaka ya nyuma anakijua kile kijiti cha kioo ambacho Sista alikitia kwapani mwa mgonjwa ili apime homa. Ndani yake mlikuwa na uzi mwembamba uliong'aa kama fedha. Uzi ule ni zebaki. Wachimbaji wa dhahabu wa Ituri na Kivu nao wanaijua, maana huitumia kwa kushika punje ndogo za dhahabu zilizomo mchangani, ingawa mvuke wake ni sumu mbaya kwa mwili.

Zebaki ni madini kama shaba na risasi, lakini inakaa majimaji. Ukiimwaga mezani inakimbia huku na huku kama matone ya maji. Basi watu wa zamani walijiuliza: Je, madini hii haiwezi kuwa ngumu kamwe? Na kama inaweza, ni kwa baridi ya kadiri gani?

Leo kitabu cha shule kinajibu kwa mstari mmoja: zebaki huganda kwenye digrii 39 chini ya sifuri, kwa kipimo cha Celsius. Lakini kulipata jibu hilo kulichukua karibu miaka 50, tangu mwaka wa 1735 hata mwaka wa 1783. Katikati ya miaka hiyo mabingwa wa elimu waliamini jibu jingine kabisa, yaani digrii zaidi ya 200 chini ya sifuri. Nao hawakuwa waongo wala wajinga. Walitazama kwa macho yao wenyewe, wakaandika kwa uaminifu yale waliyoyaona. Hata hivyo walikosea. Tunataka kueleza hapa jinsi kosa lile lilivyoingia, na jinsi akili ya watu ilivyolitoa, kwa maana makosa ya namna ile ile huingia kila siku katika mabaraza yetu na nyumba zetu.

Kuyeyuka na kuganda

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Mama wa nyumbani anajua kwamba mafuta ya mawese huwa mazito na kuganda asubuhi ya baridi kule milimani, na ukiyaweka karibu na moto huyeyuka tena. Nta ya mshumaa ni vivyo hivyo. Na wafua shaba wa zamani wa Katanga, wale waliomimina shaba na kuifanya vipande vya umbo la msalaba, walijua kwamba moto mdogo hautoshi: shaba huyeyuka tu ikifika digrii 1,085. Risasi huyeyuka mapema zaidi, kwenye digrii 327. Barafu huyeyuka kwenye sifuri.

Kila kitu safi, kisichochanganyika na kitu kingine, kina kiwango chake cha kuyeyuka, na kiwango hicho ndicho pia cha kuganda. Barafu haiyeyuki leo kwenye sifuri na kesho kwenye digrii 20. Shikeni neno hili, tutalihitaji mbele.

Sasa, kipima-joto hufanya kazi namna gani? Chini kuna kitumbo cha kioo kilichojaa zebaki, na juu yake mrija mwembamba. Zebaki ikipata joto hutanuka, ikapanda mrijani. Ikipata baridi hujikunja, ikashuka. Pembeni wameandika hesabu. Basi angalieni vema: kipima-joto hakioni joto wala baridi. Kinatuonyesha jambo moja tu, yaani nafasi ambayo zebaki inaijaza. Sisi ndio tunaotoa hoja na kusema: «Zebaki imeshuka, basi baridi imezidi.» Mara nyingi hoja hiyo ni ya kweli. Lakini ni hoja, na kila hoja inaweza kupimwa.

Baridi ya Siberia

Katika mwaka wa 1733 serikali ya Urusi ilituma wasafiri wengi wenye elimu kwenda kuichunguza Siberia, nchi kubwa mno ya upande wa mashariki. Mmoja wao alikuwa Johann Georg Gmelin, Mjerumani, kijana wa miaka 24, aliyekuwa mwalimu katika Akademia ya mji wa Petersburg. Majira ya baridi ya mwaka uliofuata yaliwakuta katika mji wa Yeniseisk.

Sisi wa nchi za joto, ambao theluji yetu iko juu ya Ruwenzori tu, ni vigumu kuiwazia baridi ile. Gmelin aliandika kwamba hewa yenyewe ilionekana kama imeganda kuwa ukungu, hata moshi wa nyumba ukashindwa kupanda juu. Ndege walianguka kutoka angani kama wafu. Na mwezi wa Januari 1735 akatazama kipima-joto chake, akaona zebaki imeshuka hata digrii 120 chini ya sifuri kwa kipimo cha Fahrenheit, ndiyo karibu digrii 84 chini ya sifuri kwa kipimo cha Celsius.

Gmelin alifurahi kuwa na chombo kile. Alifikiri hivi: Ngozi ya mtu hudanganyika, maana mtu akitoka penye moto huona baridi zaidi kuliko ilivyo, lakini chombo hakidanganyiki. Basi akaandika hesabu ile kuwa jambo la hakika, na wataalamu wa Ulaya wakaipokea.

Mwaka wa 1736, katika mji wa Yakutsk, jambo la ajabu likatokea. Mwenzake mmoja wa safari alimpelekea habari kwamba zebaki katika chombo chake cha kupimia uzito wa hewa imeganda. Gmelin akaenda upesi nyumbani kwake. Alipofika, zebaki ilikwisha anza kulegea, naye akaona dalili za unyevu ndani yake. Akamwuliza mwenyewe, akaambiwa kwamba zebaki ile iliwahi kusafishwa kwa siki na chumvi. Basi Gmelin akakata shauri: kilichoganda ni maji yaliyobaki ndani, si zebaki.

Tazameni, wasomaji, jinsi mambo yalivyogeuka. Mtu yule wa Yakutsk alikuwa ameona jambo la kweli, pengine kabla ya mtu mwingine yeyote mwenye elimu kuliona. Lakini hakusadikiwa. Na kwa nini? Kwa kuwa kipima-joto kilikwisha «shuhudia» kwamba zebaki inaweza kushuka hata 120 chini ya sifuri bila kuganda. Ushuhuda wa chombo uliushinda ushuhuda wa mtu.

Nyundo juu ya zebaki

Miaka mingi ikapita. Mwezi wa Desemba 1759 baridi kali sana iliupata mji wa Petersburg. Mwalimu mmoja wa Akademia, Joseph Adam Braun, akataka kuona baridi inaweza kuzidishwa mpaka wapi. Alichanganya theluji na asidi kali, maana mchanganyiko huo huleta baridi kuliko theluji yenyewe, akatumbukiza kipima-joto ndani yake. Zebaki ikashuka, ikashuka tena, kisha ikasimama bila kutikisika. Katika majaribio yaliyofuata walivunja kioo, na mle ndani wakakuta kipande cha madini ngumu, inayong'aa. Wakakipiga kwa nyundo, nacho kikatandazika kama risasi. Mikhail Lomonosov, yule bingwa mkubwa wa Warusi aliyekuwa mtoto wa mvuvi, alishiriki katika majaribio hayo.

Hivyo shaka moja iliondoka. Zebaki huganda kweli; ni madini kama nyingine. Mtu wa Yakutsk hakuwa amekosea.

Lakini swali la pili lilibaki: huganda kwa baridi gani? Braun alisoma kipima-joto chake. Kilionyesha 352 chini ya sifuri kwa kipimo cha Fahrenheit, ndiyo zaidi ya 200 chini ya sifuri kwa Celsius. Akasadiki kwamba theluji na asidi vimeleta baridi hiyo ya ajabu, na kwamba zebaki haigandi mpaka baridi iwe kubwa mno. Habari ikaenea Ulaya nzima.

Hoja iliyopinda

Sasa tuchukue hoja ya Braun, tuitandaze wazi kama mfanyabiashara anavyotandaza kitambaa ili aone kama kina tundu.

Neno la kwanza: Zebaki ikipata baridi zaidi hujikunja.
Neno la pili: Zebaki hii imejikunja mno.
Basi: Zebaki hii imepata baridi iliyozidi mno.

Mtu akisikia upesi atasema ni kweli. Lakini sikieni hoja nyingine yenye umbo lile lile. Mvua ikinyesha, njia hulowa. Njia hii imelowa. Basi mvua imenyesha. Je, ni kweli? Pengine. Lakini pengine akina mama wamepita na mitungi ya maji kutoka mtoni. Njia iliyolowa haitoshi kuishuhudia mvua, mpaka kwanza tujue kwamba hakuna kitu kingine kinachoweza kuilowesha.

Ndivyo ilivyo kwa zebaki. Hoja ya Braun ingekuwa nzima kama baridi kuzidi ingekuwa sababu moja tu ya kuifanya zebaki ijikunje. Lakini ilikuwako sababu nyingine, nayo ilikuwa mbele ya macho yake: kuganda kwenyewe! Maji yakiganda hutanuka, ndiyo sababu chupa iliyojaa maji hupasuka katika sanduku la barafu. Zebaki hufanya kinyume: ikiganda hujikunja ghafula. Basi tangu ilipoanza kuganda, uzi wa zebaki ulishuka bila kujali hesabu zilizoandikwa pembeni. Kipima-joto kilikuwa kimekufa, na watu waliendelea kukisoma kama kizima.

Wazee husema: Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Hakuna baraza linaloweza kukata kesi kwa neno la mshtakiwa peke yake. Na hapa zebaki ilikuwa mshtakiwa, tena shahidi.

Iko namna nyingine ya kutumia akili, nayo ni imara zaidi. Tunachukua neno tunaloambiwa, tunauliza: «Kama neno hili ni kweli, ni nini kingine lazima kiwe kweli?» Kisha tunakwenda kutazama. Kikikosekana kitu kile, neno limeanguka. Tufanye hivyo.

Kama zile hesabu za Braun ni kiwango cha kweli cha kuganda, basi lazima ziwe zile zile kila mara, maana tulisema kitu safi hakibadili kiwango chake. Lakini sivyo: katika majaribio mbalimbali zebaki ilisimama mahali mbalimbali. Tena, kama baridi ya mchanganyiko ule ilikuwa kubwa vile, basi kipima-joto chenye pombe kali badala ya zebaki lazima kionyeshe karibu hesabu ile ile. Sivyo: vile vya pombe havikushuka kadiri ile. Mashahidi walipingana. Braun mwenyewe aliliona jambo hilo, lakini hakulifuata mpaka mwisho wake.

Chungu cha maji cha Bwana Black

Aliyelifuata alikuwa Joseph Black, mwalimu katika chuo cha Edinburgh, nchi ya Uskoti. Tangu miaka ya 1760 yeye alikuwa akifundisha jambo ambalo kila mpishi huliona lakini wachache hulitafakari. Weka chungu cha maji jikoni. Maji yakichemka, ongeza kuni upendavyo: mvuke utaongezeka, lakini maji hayatapita kiwango chake cha kuchemka. Vivyo hivyo, tia vipande vya barafu ndani ya maji, koroga: muda wote ambao barafu na maji vimo pamoja, kipima-joto husimama kwenye sifuri. Hakipandi mpaka barafu yote iyeyuke, wala hakishuki mpaka maji yote yagande.

Mwaka wa 1779 Black aliandika barua akatoa shauri jepesi. Msiulize zebaki iliyo ndani ya kipima-joto, alisema. Chukueni zebaki nyingine, itieni katika chombo, kisha chovyeni kipima-joto katikati yake. Hiyo ya nje itaganda kwanza, kuanzia pembeni. Muda wote ambao imeganda nusu na nusu bado ni majimaji, kipima-joto kitasimama mahali pamoja. Mahali hapo ndipo kiwango chake. Na zebaki iliyomo ndani ya kipima-joto itakuwa haijaganda bado, kwa hiyo neno lake bado ni la kuaminika.

Huko London, Henry Cavendish, tajiri mwenye haya nyingi ambaye hakupenda kusema na watu, alikuwa amefikia shauri lile lile kwa akili yake mwenyewe. Akatengeneza vyombo: kipima-joto kidogo ambacho kitumbo chake kinakaa ndani ya kichupa chembamba cha zebaki.

Ngome ya Albany

Lakini London haina baridi ya kutosha. Vyombo vilitumwa kwa meli mwaka wa 1781 mpaka ghuba ya Hudson, upande wa kaskazini wa nchi ambayo leo inaitwa Kanada. Pale Albany palikuwa na ngome ya kampuni ya biashara ya ngozi za wanyama, na msimamizi wake alikuwa Thomas Hutchins. Yeye aliwahi kugandisha zebaki pale pale mwaka wa 1775, lakini hakukipata kiwango chake.

Katika majira ya baridi ya 1781 na 1782, Hutchins alifanya kama alivyoagizwa. Alichanganya theluji na asidi, akatumbukiza kichupa, akatazama. Zebaki ya kipima-joto ikashuka mpaka karibu 40 chini ya sifuri kwa Fahrenheit, ikasimama. Alipotazama kichupani, akaona zebaki ya nje imeanza kuganda. Akangoja. Kipima-joto hakikuondoka mahali pake. Akarudia siku nyingine: ni pale pale. Na ilipotokea kwamba zebaki ya nje imekwisha ganda yote, na ile ya ndani ikaanza kuganda nayo, kipima-joto kiliporomoka ghafula kwenda chini mno, kama kile cha Braun. Kweli na udanganyifu vilionekana katika jaribio moja, kimoja baada ya kingine.

Hutchins hakuridhika na kuandika tu. Vipima-joto vyake vilirudishwa London vikakaguliwa, ili ijulikane kama hesabu zake zilichorwa sawasawa. Vilionekana na kasoro ndogo sana, nayo ikarekebishwa. Mwaka wa 1783 Cavendish akatangaza: zebaki huganda kwenye digrii 39 hivi chini ya sifuri. Mwaka ule ule Hutchins alipewa medali ya Copley, heshima kubwa ya wataalamu wa Uingereza. (Msishangae kuona hesabu 39 kwa Fahrenheit na kwa Celsius pia. Vipimo hivyo viwili hukutana kwenye 40 chini ya sifuri, kwa hiyo mahali hapo hesabu zao ni karibu sawa.)

Wapimaji wa siku hizi, wenye vyombo vizuri kuliko vyote, wanapata 38.83 chini ya sifuri kwa Celsius. Cavendish na Hutchins walikosa kwa nusu digrii. Braun alikosa kwa zaidi ya digrii 170.

Hesabu ya kosa

Anayependa hesabu aitazame hii. Zebaki ya majimaji ikipoa kwa digrii moja ya Celsius, hujikunja karibu sehemu 18 katika sehemu 100,000. Lakini ikiganda hujikunja karibu sehemu 3,600 kwa mara moja. Gawanya 3,600 kwa 18: unapata 200. Yaani kuganda peke yake huishusha zebaki kana kwamba imepata baridi ya digrii 200 zaidi, ingawa baridi haikuongezeka hata kidogo. Ndizo zile digrii «zaidi ya 200» zilizoshangaza Ulaya. Na kama kuganda hakukutimia, kushuka kulikuwa pungufu. Ndiyo maana zebaki ilisimama mahali mbalimbali.

Na zile digrii 84 za Gmelin? Ni hesabu ya zebaki iliyokwisha anza kuganda. Siberia ina baridi kali kweli, lakini hata katika vijiji vyake vilivyo baridi kupita vyote, vipimo vya hakika havijafika digrii 84 chini ya sifuri.

Tujifunze nini?

Kwanza, uaminifu hautoshi. Gmelin na Braun waliandika walichokiona bila kuongeza neno. Lakini walichanganya walichokiona, yaani zebaki imeshuka, na walichokifikiri, yaani baridi imezidi. Tunaposikia habari, tuyatenge mambo hayo mawili. Jirani anasema: «Fulani ni mwizi, nilimwona usiku akibeba mbuzi.» Alichokiona ni mtu na mbuzi. Wizi ni hoja yake. Wangapi wamepigwa, hata kuuawa, kwa sababu watu hawakutenga macho na mawazo!

Pili, tusimsadiki shahidi kwa jambo linalomgusa mwenyewe, mpaka tumpate shahidi wa nje. Black na Cavendish hawakukitupa kipima-joto. Walikiweka mahali ambapo kinaweza kusema kweli.

Tatu, mtu mnyonge akisema jambo linalopingana na chombo cha mkubwa, tusimnyamazishe upesi. Mwenye zebaki wa Yakutsk alingoja miaka zaidi ya 20 kabla ya nyundo ya Petersburg kumpa haki yake.

Leo vipima-joto vya zebaki vinaondolewa hospitalini, kwa ajili ya ile sumu, na mkataba wa mataifa wa Minamata wa mwaka wa 2013 umeyahimiza hayo. Lakini zebaki haikuachwa na wataalamu. Tangu mwaka wa 1990 kiwango chake cha kuganda ni kimoja cha viwango vilivyochaguliwa na mataifa kwa kusahihishia vipima-joto vingine. Madini ile iliyowadanganya watu karibu miaka 50 sasa inatumika kuwakagua mashahidi wengine, kwa kuwa watu walijifunza kuiuliza swali lake sawasawa.